Haki ya Mshukiwa Isemwe kwa Lugha Yake

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hivyo walinena wahenga, ila hawakutueleza haki hiyo hutolewa kwa lugha gani. Swali hilo lilinikabili Kibwezi, dada yangu aliponiita kwa habari ya mwanawe.

Kijana huyo ni utingo wa lori. Jumanne alfajiri lori lao lilisimamishwa katika barabara kuu ya Mombasa. Ilidaiwa kuwa shehena iliyoandikishwa kupita tu kwenda Uganda, bila kulipiwa ushuru wa Kenya, ilikuwa imepakuliwa njiani. Dereva alitoroka, utingo akashikwa. Nilipofika Alhamisi jioni alikuwa angali korokoroni, hajafikishwa mbele ya hakimu, ilhali mahakama ya Makindu haiko mbali. Mkononi alikuwa na karatasi ya Kiingereza aliyotakiwa kutia sahihi.

"Mjomba, wanasema ni ya dhamana," aliniambia kwa Kikamba.

Niliisoma. Ilikuwa ya kukiri kosa.

Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 humruhusu kamishna kumaliza kosa kwa malipo, mradi mshukiwa awe amekiri kwa maandishi na kuomba mwenyewe. Utaratibu huo ni halali. Lakini ombi la mtu asiyejua anachokiomba si ombi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 49, yataka anayekamatwa aelezwe sababu mara moja kwa lugha anayoielewa, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Zikiisha nje ya saa za mahakama, mwisho huwa ni siku ya mahakama inayofuata. Kwa kijana wetu, mwisho ulikuwa Jumatano.

Muda ukipita, ipo amri iitwayo kwa Kilatini habeas corpus: anayemzuia mtu amlete mbele ya jaji na aeleze anamzuia kwa sheria ipi. Kifungu cha 25 chakataza haki hii isipunguzwe kwa vyovyote. Si tahadhari ya bure. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba wakati wa hali ya hatari aliyezuiliwa hangeweza kuidai. Uamuzi huo ulibatilishwa mwaka 2017. Kwetu, kifungu cha 22 chamruhusu hata jamaa kuomba kwa niaba ya aliyezuiliwa, bila ada ya kufungua shauri, na barua ya kawaida yaweza kupokelewa.

Usiku ule niliiandika barua hiyo kwa Mahakama Kuu ya Makueni. Sikuituma. Nilipoionyesha kituoni asubuhi, kijana alipelekwa Makindu, akapewa dhamana. Kama ana hatia, mahakama itaamua.

Watakaosema namtetea mla magendo wamenielewa vibaya. Magendo huila hazina ile ile inayowalipa walimu. Lakini serikali inayodai ushuru kwa sheria haina budi kumzuia mtu kwa sheria.

Walimu wenzangu, wapeni wanafunzi zoezi moja: wakieleze kifungu cha 49 kwa lugha wanayozungumza nyumbani, kisha wawasomee wazazi. Mimi nimefundisha isimu miaka mingi bila kuwahi kukitafsiri kwa Kikamba. Mara yangu ya kwanza ilikuwa Alhamisi ile, kupitia vyuma vya seli.