Harrier au Forester: Gari Gani Liende Nyumbani?

Mtajie dalali wa magari wa Dar es Salaam jina la Harrier, naye atauliza kwanza kama ni Tako la Nyani au Anaconda. Tako la Nyani ni ile iliyotoka mwaka 2003. Anaconda ni toleo la tatu, lililoanza kuuzwa Japani Desemba 2013 na kudumu hadi 2020. Kwa familia inayotoka kwenye IST au Premio na kutaka gari lililoinuka kidogo, Anaconda ndiyo hutajwa kwanza. Jina la pili hutajwa kwa kusitasita, na mara nyingi kuna mjomba pembeni anayetikisa kichwa: Subaru Forester, hasa toleo la nne lililotoka Novemba 2012, ambalo mafundi huliita SJ.

Ukiyaweka magari haya mawili kwenye karatasi, ni vigumu kuyatenganisha. Harrier ya kawaida ya petroli ina injini ya 3ZR-FAE yenye cc 1,986 na nguvu za farasi 151. Forester ya kawaida ina injini ya FB20 yenye cc 1,995 na nguvu za farasi 148. Yote mawili yana siti tano, na karibu yote yanayoingia nchini yana gia ya otomatiki ya CVT, ile isiyo na hatua. Forester ni nyepesi kwa karibu kilo 100, ingawa inabeba mitambo ya kuendesha magurudumu yote manne. Taa za makutano ya Morocco zikiwaka kijani, hakuna litakalomwacha mwenzake kwa umbali wa kujivunia.

Kwa hiyo mnunuzi anayekesha akilinganisha farasi 151 na 148 anajichosha bure. Kinachoyatenganisha kipo chini ya bodi, na kingine kipo gereji.

Katika Forester pistoni hazisimami. Zimelala ubavu, mbili kulia na mbili kushoto, zikienda na kurudi kama mabondia wanaorushiana ngumi. Injini ya namna hii ni bapa na hukaa chini, hivyo uzito wa gari nao hukaa chini, na ndiyo maana Forester hailali sana kwenye kona ingawa ni ndefu kwenda juu. Nguvu hutoka kwenye gia boksi kwenda magurudumu yote manne muda wote, iwe kwenye lami kavu au kwenye tope. Tumbo la gari liko milimita 220 kutoka ardhini. Matoleo mengi yana pia kitufe cha X-Mode, ambacho kwenye utelezi hupunguza papara ya injini na kutumia breki kuzuia gurudumu linalozunguka bure.

Harrier imejengwa kwa fikra tofauti. Msingi wake ni wa RAV4 ya kipindi kile, lakini Toyota iliivisha suti: ngozi, vioo visivyopitisha kelele nyingi, dashibodi iliyoshonwa kwa uzi unaoonekana. Iko chini kidogo kuliko Forester, na ile ya haibridi iko chini zaidi. Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliangalii ni kwamba Harrier nyingi zinazouzwa ni za magurudumu mawili ya mbele tu. Tangazo linaweza kuandika 4WD, na muuzaji anaweza kuapa, lakini kibati cha modeli hakidanganyi: ZSU60W ni ya magurudumu mawili, ZSU65W ni ya manne. Hata hiyo ya manne husukuma zaidi kwa mbele, kisha huita magurudumu ya nyuma pale ya mbele yanapoanza kuteleza.

Je, tofauti hiyo ina maana kwa mtu anayekaa Tabata na kufanya kazi Posta? Haina. Lami ni lami, na foleni haijali gurudumu gani linasukuma. Lakini kwa familia iliyojenga Goba au Madale, ambako mita mia chache za mwisho kabla ya geti ni udongo, masika yakianza hesabu hubadilika. Na kwa ile inayopanda Usambara kila Desemba, ikaacha lami na kushika njia ya udongo mwekundu kwenda kwa bibi kijijini, Forester inajilipia safari ya kwanza tu ya mvua. Harrier ya magurudumu mawili hapo itafika, ila huenda ikafika ikisukumwa na vijana wa kijiji.

Kuna gharama ya hilo, na wauzaji hawaitaji. Gari linaloendesha magurudumu manne muda wote linataka tairi nne zinazolingana mzingo, za aina moja na zilizolika kwa kiasi kinachokaribiana. Tairi moja mpya ikifungwa pamoja na tatu zilizochoka, itazunguka kwa kasi tofauti na wenzake, na mitambo inayogawa nguvu itafanya kazi ya kusawazisha tofauti hiyo kila kilomita hadi iungue. Tairi moja ya Forester ikipasuka ubavu njiani Chalinze, mwenye gari anaweza kulazimika kununua mbili, pengine nne. Mwenye Harrier ya magurudumu mawili hununua moja na kuendelea na safari. Kwa nchi ambayo watu wengi hununua tairi mojamoja kadiri mfuko unavyoruhusu, hili ni jambo la kuwekwa kwenye bajeti kabla ya rangi ya gari.

Sasa gereji. Injini ya 3ZR iliyo kwenye Harrier ndiyo pia iliyowekwa kwenye baadhi ya Noah, Voxy, Premio na Allion. Fundi wa Kariakoo ameifungua mara nyingi, na spea zake, halisi na za bandia, zimejaa maduka ya Gerezani. Si kwamba haina kasoro. Pampu ya maji ya injini za familia ya ZR inajulikana kwa kuvuja, na mfumo wa Valvematic, unaopanga vali zifunguke kiasi gani, hausamehe uvivu wa kubadilisha oili. Lakini kasoro inayojulikana na kila fundi ni nafuu kuliko kasoro ndogo isiyojulikana na yeyote.

Hapo ndipo Forester inapohukumiwa, wakati mwingine kwa haki na wakati mwingine kwa dhambi za wazazi wake. Yule mjomba anayetikisa kichwa anakumbuka injini za zamani za EJ, zenye mkanda wa taimingi wa kubadilishwa na sifa mbaya ya kuunguza hedi gasketi. FB20 ni injini nyingine: ina cheni badala ya mkanda. Ugonjwa wake ni mwingine pia. Injini za FB za miaka ya mwanzo zilipata sifa ya kunywa oili. Nchini Marekani wamiliki walifungua kesi mwaka 2014, iliyohusu pamoja na mengine Forester za cc 2,500 za miaka ya 2011 hadi 2014, na mwaka 2016 mapatano yakaongeza muda wa dhamana kwa tatizo hilo. Kwa mnunuzi wa mtumba funzo ni fupi: mwenye Forester huvuta stiki ya oili mara kwa mara, hasubiri taa ya dashibodi. Plagi nazo ziko ubavuni, karibu na kuta za boneti, hivyo kazi ambayo kwenye Harrier ni ya dakika chache hapa huchukua muda na subira, na fundi atatoza kwa muda wake.

Nairobi mambo ni tofauti. Wakenya walimshangilia Patrick Njiru akiendesha Subaru kwenye Safari Rally, na mwaka 1997 Colin McRae akayashinda mashindano hayo ndani ya Impreza. Mapenzi hayo yalizaa wanunuzi, wanunuzi wakazaa mafundi, na leo kumpata fundi wa Subaru pale si kazi. Dar es Salaam wapo, tena wazuri, ila ni wa kutafutwa. Anayeishi Mpanda au Tunduru ajiulize mara mbili.

CVT ni hofu ya pamoja. Ya Harrier hutumia mkanda wa chuma, ya Forester hutumia cheni, na zote mbili hufa kwa sababu ileile: mafuta yasiyo yake. Mafuta ya gia ya kawaida ya ATF hayafai humo, hata kama fundi anasema yanafanana. Kwenye kupanda mlima wa Kitonga gari likiwa limejaa watu na mizigo, mafuta ya gia boksi hupata joto kali, kwa hiyo anayesafiri sana nyanda za juu asingoje gari lianze kutetemeka ndipo ayabadilishe.

Na petroli je? Vipimo vya Japani viliipa Harrier ya magurudumu mawili takriban kilomita 16 kwa lita, na Forester 15.2 mwanzoni. Foleni ya Mbagala haijui vipimo vya Japani. La kushika ni kwamba tofauti kati yao ni ndogo mno kuamua ununuzi. Harrier ya haibridi, iliyopewa zaidi ya kilomita 21, ndiyo inayotofautiana kweli mjini, kwa sharti kwamba matundu ya kupozea betri kwenye siti ya nyuma hayazibwi na vumbi wala begi la shule. Zile za tabo, Forester XT yenye farasi 280 na Harrier ya kuanzia 2017 yenye farasi 231, ni raha ya dereva. Kwa kupeleka watoto shule hazihitajiki.

Kwa mama anayerudi nyuma kwenye geti jembamba, Forester ina vioo vikubwa na nguzo nyembamba. Harrier, kwa ule mgongo wake ulioinama, humficha mtoto mfupi aliyesimama nyuma, hivyo kamera yake iwe inafanya kazi. Kuhusu ajali, mwaka 2013 taasisi ya IIHS ya Marekani iligonga magari madogo ya aina hii kwenye kona ya mbele, na Forester peke yake ikapata alama ya juu katika jaribio hilo. Harrier haikuuzwa Marekani, hivyo haikuwamo. Redio za yote mawili, kwa waliowahi kushangaa, hushika masafa ya Japani, na vituo vingi vya hapa havisikiki mpaka kifungwe kifaa cha kugeuza.

Kodi ndiyo huwashtua wengi. Kwa viwango vilivyozoeleka Tanzania, ushuru wa forodha ni asilimia 25, ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini ya cc 1,001 hadi 2,000 na asilimia 10 kwa kubwa zaidi, kisha VAT asilimia 18. Gari la miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15 ya uchakavu. Lililozidi miaka 10 huongezewa 30. Chukua gari la cc 2,000 ambalo mamlaka ya mapato, TRA, imelithamini kwa shilingi milioni 20 hadi bandarini. Likiwa changa, pamoja na kodi hizo litafika karibu milioni 31. Likiwa limevuka miaka 10, litakaribia milioni 40, na hapo tozo ndogondogo hazijaingia. Karibu milioni 9 zimekwenda kwenye umri peke yake. Kwa kuwa Forester ya SJ ilikoma Japani mwaka 2018 na Harrier hii ikaendelea hadi 2020, mwenye Harrier ana nafasi zaidi ya kupata gari changa. Harrier ya haibridi, yenye cc 2,493, inaangukia ile asilimia 10.

Kenya haitozi uzee kwa njia hiyo, inaukataza. Gari lililozidi miaka 8 haliingii. Anayeagiza Forester leo kwa kawaida atapewa toleo la tano, lenye, kwa mfano, injini ya cc 2,500 au haibridi ya cc 2,000, ambalo ni gari jingine kabisa kwa bei na kwa ufundi. SJ atailipia kwa mtu wa Nairobi au Nakuru ambaye tayari ameitumia.

Lolote litakalochaguliwa, karatasi ya mnada wa Japani iombwe kabla ya kulipa. Alama ya R au RA maana yake gari liligongwa likatengenezwa, hata kama leo linang'aa. Hati ya Japani ya kulitoa gari kwa ajili ya kuuzwa nje nayo huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa lazima. Ikiwa hati inasema 120,000 na dashibodi inasema 68,000, mazungumzo yaishie hapo. Kwa gari lililokwisha kutumika nchini, fundi alikute injini ikiwa ya baridi. Forester ikitoa moshi wa bluu inapowashwa asubuhi, iachwe yadi.

Familia ya watu saba isihangaike na yoyote kati ya haya. Nissan X-Trail ya T32 iliuzwa pia ikiwa na safu ya tatu. Kwa ya watu watano, wanaoishi na kusafiri juu ya lami na wanaotarajia kuuza gari baada ya miaka minne, Harrier ya kawaida ya magurudumu mawili ndiyo sahihi, kwa kuwa ni nadra kukosa mnunuzi mwingine. Wenye nyumba au shamba mwisho wa njia ya udongo, na wenye fundi wa Subaru wanayemwamini kwa jina, wachukue Forester isiyo na tabo na watenge fedha za tairi nne tangu siku ya kwanza.