Mbwa wa puto na habari ya mpira wake



Siku ya posho iliyopita tulitengeneza mbwa wa puto pamoja na watoto wa mwaka wa tatu wa shule ya msingi. Mtoto mmoja akauliza: « Mwalimu, puto linatoka wapi? » Swali hilo tunawaletea ninyi, kwa maana jibu lake linatugusa sisi wamama wa Kongo.

Zamani huko Ulaya watoto walichezea kibofu cha nguruwe kilichopulizwa. Puto la mpira lilifanywa London mwaka 1824 na Michael Faraday, mtaalamu wa sayansi aliyetafuta kitu cha kuwekea hewa ya hidrojeni katika majaribio yake. Alilaza vipande viwili vya mpira kimoja juu ya kingine, akabana kandokando vikashikana. Katikati alipaka unga visinate. Leo viwanda vinachovya kalibu ndani ya utomvu mweupe wa mti wa mpira.

Utomvu huo wazee wetu waliujua kwa machozi. Kuanzia 1885 hadi 1908 nchi yetu ilikuwa mali ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji. Wanaume walilazimishwa kugema mpira wa mimea inayotambaa porini, uende Ulaya kwa magurudumu ya baiskeli na motokari. Na bibi zetu? Wengi walishikwa na kufungwa mpaka waume wao walete kilo zilizotakiwa. Wengine walikufa humo kwa njaa.

Sasa tutengeneze mbwa. Tafuta puto refu jembamba na pampu ndogo. Jaza hewa, lakini acha mkiani nafasi ya vidole vinne bila hewa, kisha funga fundo. Kuanzia kwenye fundo, sokota pingili tatu fupi, kama za muwa: mdomo na masikio mawili. Kunja masikio, uyasokote pamoja yashikane. Fanya tena pingili tatu: shingo na miguu miwili ya mbele, sokota miguu pamoja. Tatu za mwisho ni tumbo na miguu ya nyuma. Kinachobaki ni mkia. Sokota upande mmoja tu kila mara, na usiachilie pingili kabla hazijashikana, zitafunguka.

Wamama, tusikilizane vizuri hapa. Puto lisilo na hewa, au kipande cha puto lililopasuka, kikiingia kooni kinaziba njia ya pumzi, na mtoto anaweza kufa kwa dakika chache. Mwenye chini ya miaka 8 asipulize puto mwenyewe, wala asiachwe nalo peke yake. Likipasuka, okota vipande vyote palepale, hata vilivyoingia chini ya kiti.

Mkikaa na watoto kusokota, wasimulieni habari ya mpira na ya bibi zetu. Yule mtoto wetu aliposikia, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama anaweza kumpelekea nyanya yake mbwa wake. Tulimwambia ampelekee.