Je, Wajua? Wayeye, Mafundi wa Nyoka wa Unyamwezi

Je, wajua kwamba uwezo wa kuamuru nyoka na kuishinda sumu, ambao wachezaji wa michezo ya mezani ya kuigiza huwapa wahusika wao wachawi, ulikuwa kazi ya watu halisi huko Unyamwezi? Mchezo maarufu kuliko yote wa aina hiyo, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974. Tangu toleo la kwanza ulikuwa na uganga wa kugeuza fimbo kuwa nyoka, kama katika kisa cha Musa mbele ya Firauni, na mwingine wa kuvunja nguvu ya sumu.

Huko huko Unyamwezi, Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, iko kaskazini mwa mji wa Tabora, katika nchi ya miombo. Humo nyoka aitwaye kifutu hulala ametulia juu ya majani makavu, rangi yake na ya majani ni moja, wala hakimbii akisikia hatua. Mpagazi wa misafara ya zamani ya pembe za ndovu, mzigo begani na macho mbele, angeweza kumkanyaga kabla hajamwona. Penye hatari kama hiyo, fundi wa nyoka ni mtu wa maana sana.

Mafundi hao walikuwa na chama chao, Wayeye, kilichoenea Unyamwezi na Usukuma. Uwezo wao ulikuwa wa kufundishwa. Mwanafunzi alijifunza tabia za kila nyoka, namna ya kumkamata, na miti ya dawa. Kisha alichanjwa: chale ndogo mwilini, zikapakwa lukago, dawa ya mimea iliyochanganywa na vichwa vya nyoka wenye sumu. Mmarekani F. G. Carnochan aliandika juu yao kitabu kilichotoka 1935, na Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyefanya kazi Tanganyika, akachapisha utafiti juu yao mwaka 1946.

Wazo la kutumia sumu kuikinga sumu si la kubezwa. Katika miaka ya 1890 Mfaransa Albert Calmette aliwadunga wanyama sumu ya nyoka kidogo kidogo, akiongeza kipimo, kisha akatumia maji ya damu yao kutibu walioumwa. Dawa za sumu ya nyoka za hospitalini leo bado hutengenezwa kwa njia hiyo, mara nyingi kwa damu ya farasi. Lakini tuseme kweli: chale hazifui dafu mbele ya koboko.

Wayeye walicheza ngoma pia, nyoka mikononi, wakishindana. Usukumani, ushindani wa ngoma bado uko hai. Huko Bujora, karibu na Mwanza, katika sherehe za Bulabo za mwezi Juni, makundi mawili ya ngoma, Wagika na Wagalu, hucheza kwa wakati mmoja, na kundi linalovuta watazamaji wengi zaidi ndilo mshindi. Chatu huonekana uwanjani.

Lakini hatari ya nyoka haijaisha. Ni mwaka 2017 tu ndipo Shirika la Afya Duniani lilipoweka madhara ya kuumwa na nyoka wenye sumu katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa kuumwa na nyoka kila mwaka duniani. Ndugu msomaji, ukiumwa na nyoka usichanje, usifyonze, usifunge kamba. Tuliza kiungo, uwahi hospitali.