Alizeti ya porini

Kando ya njia nyingi za Kivu, Rwanda na Burundi huota mmea mrefu wenye maua ya manjano. Mtu akiuona kwa mbali hudhani ni alizeti ya shambani. Lakini alizeti ya shambani hutoa mbegu mara moja, kisha hufa. Mmea huu haufi. Ukikatwa leo, shina lake huchipuka tena, nao hurudi kuwa mrefu kuliko mtu, mita 2 au 3. Ndiyo alizeti ya porini. Wenye elimu ya mimea huuita Tithonia.

Kwao ni Meksiko na nchi jirani za Amerika ya Kati. Watu waliuchukua huku na huku kwa ajili ya uzuri wa maua, nao ukatoroka bustanini. Mgeni huyu hana adabu. Mbegu zake ni nyepesi, upepo huzichukua. Kipande cha shina kikitupwa penye unyevu hutoa mizizi. Shamba likiachwa bila kulimwa, mmea huo hulifunika, na majani mengine hufa kwa kukosa jua.

Je, adui wa namna hii afaa nini? Wengine huupanda kuwa ua wa nyumba. Mbuzi hula majani yake, ingawa ni machungu sana. Nyuki hupenda maua.

Lakini mali yake kubwa imo katika majani. Katika kilo 100 za majani makavu mna karibu kilo 3 na nusu za nitrojeni na kilo 4 za potasiamu, navyo ni vyakula vya mimea. Samadi ya ng'ombe mara nyingi haifikii hapo. Tangu miaka ya 1990, wakulima na wataalamu wa Kenya ya magharibi waliyafukia majani hayo katika mashamba yaliyochoka, na mahindi yakazaa vizuri.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Matawi laini hukatwa kabla ya maua kufunguka. Hapo majani ni mororo, tena mbegu hazijapata kukomaa na kuruka. Majani hukatwakatwa na kufukiwa kwa jembe, siku chache kabla ya kupanda. Huoza upesi: baada ya juma moja au mawili udongo umekwisha kupata sehemu kubwa ya chakula chake. Wengine huyaloweka katika pipa la maji, kisha humwagia mboga maji hayo.

Kazi hii ni nzito, kwa maana majani mabichi ni maji matupu, au karibu. Kikapu huumiza shingo, na mbolea iliyomo ni kidogo. Kwa hiyo wengi huyatia kwenye kabichi na nyanya zilizo karibu na ua, si katika shamba la mbali.

Tena mmea huu si kama maharagwe. Maharagwe hupata nitrojeni katika hewa, kwa msaada wa vijidudu vya mizizi yake. Alizeti ya porini huitoa katika udongo inaposimama. Akatae majani kando ya njia huhamisha chakula cha udongo tu, hakiongezi. Na udongo uliokosa fosforasi haushibi kwa majani hayo peke yake.

Mashina magumu hayafukiwi kamwe, maana yangechipuka katikati ya mboga. Huanikwa juu ya mawe mpaka yakauke kabisa, ndipo hupelekwa jikoni kuwa kuni.