Tangazo na Fasili: Isimu ya Kosa la Kigeu Kilichorudiwa katika Lugha ya C

1.0 Utangulizi

Lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, hutenga matendo mawili ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa: kutangaza jina na kulifasili. Tangazo huarifu kwamba jina lipo na ni la aina gani. Fasili hulitengea jina hilo nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta. Kigeu, yaani jina la thamani inayoweza kubadilika, chaweza kutangazwa mara nyingi, lakini kikitumiwa na programu nzima hufasiliwa mara moja tu. Kanuni hiyo ikivunjwa, programu haiundiki.

2.0 Chanzo cha Kosa

Programu kubwa hugawanywa katika mafaili kadhaa. Kompaila hutafsiri kila faili peke yake kuwa msimbo wa mashine, kisha linka huyaunganisha yote. Taarifa zinazohitajiwa na mafaili mengi huwekwa katika faili la pamoja liitwalo faili-kichwa. Amri ya #include hunakili matini yote ya faili-kichwa ndani ya kila faili linalolitaja. Kwa hiyo, kauli int idadi = 0; ikiwa humo, na mafaili mawili yakalitaja, patakuwa na fasili mbili za idadi. Kompaila haioni kasoro, kwani husoma faili moja kwa wakati. Linka, mithili ya mhariri wa kamusi aliyeletewa kidahizo kimoja chenye fasili za waandishi wawili, haina kigezo cha kuchagua, hukataa.

Wengi hudhani kwamba kinga ya #ifndef inatosha. Kinga hiyo huzuia faili-kichwa lisisomwe mara mbili wakati faili moja linapotafsiriwa. Haivuki mpaka huo, kwa sababu kompaila huanza upya kila inapochukua faili jingine.

3.0 Utatuzi

Faili-kichwa libaki na tangazo tu: extern int idadi; na fasili, int idadi = 0; iandikwe katika faili moja tu la msimbo. Neno static nalo huondoa kosa, lakini kila faili hupata idadi yake. Hapo huzaliwa homonimu: umbo moja, virejelewa viwili. Faili moja likiongeza idadi, jingine halipati habari, na programu hutoa majibu ya uongo bila onyo lolote.

Ukimya wa namna hiyo una historia. Kompaila ya GCC iliruhusu vigeu vya C vilivyorudiwa bila thamani ya kuanzia viunganishwe kuwa kimoja. Toleo la 10, la mwaka 2020, liliacha desturi hiyo, na programu zilizounganika kwa miaka mingi zikakataliwa, ingawa matini yake haikubadilika hata herufi.

4.0 Hitimisho

Mwalimu anayetumia neno moja, kwa mfano "kutambulisha", kwa dhana zote mbili, humnyima mwanafunzi ufunguo wa kosa lenyewe: sentensi "kigeu kitambulishwe kila faili, lakini kitambulishwe mara moja" haina maana. Kiswahili tayari kina tangazo na fasili. Kazi iliyobaki kwa waundaji wa istilahi ni kuyatenga maneno hayo daima, katika vitabu na madarasani.