Umbo la Ubongo na Maradhi ya Hulka ya Mpakani

Katika mazoezi ya kufundisha ya mwaka uliopita, mwanachuo wetu mmoja alikabidhiwa Darasa la Tano. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo msichana ambaye asubuhi alimwambia kwamba hajapata kuona mwalimu mwema kama yeye, na ilipofika saa sita mchana, kwa sababu hakuchaguliwa kujibu swali, alilichana daftari lake na kusema kwamba mwalimu huyo huyo anamchukia. Mwanachuo alijaza ukurasa mzima wa kitabu chake cha kumbukumbu, akahitimisha hivi: "Mtoto huyu ana hulka ya mpakani. Ubongo wake una kasoro." Tulipomwuliza maneno hayo ameyatoa wapi, alijibu kwamba amesoma kuwa wataalamu wamepiga picha za bongo za watu wa namna hiyo, wakaona zimepungua.

Alichokisoma ni kweli. Alichokiandika hakitokani na alichokisoma, na hapo ndipo tunapotaka kukaa na msomaji wetu kwa muda, kwa kuwa sentensi ya mwalimu hudumu katika jalada la mtoto kuliko mwalimu mwenyewe anavyodumu shuleni.

Tuanze na jina. Mwaka 1938 tabibu Adolf Stern wa New York aliandika juu ya wagonjwa ambao hawakuingia barabara katika mafungu mawili makuu ya maradhi ya akili yaliyotambuliwa wakati ule: fungu la watu wenye hofu na wasiwasi ambao hata hivyo huyaona mambo kama yalivyo, na fungu la wale waliokwisha kuachana na uhalisi. Wagonjwa hao aliwaweka mpakani, na jina likawagandama ingawa maelezo ya maradhi yamebadilika sana. Mwaka 1980 maradhi haya yaliingizwa rasmi katika kitabu cha uainishaji cha chama cha madaktari wa akili wa Marekani. Toleo la kitabu hicho la mwaka 2013 lataja dalili 9: hofu kuu ya kuachwa, kumtukuza mtu kisha kumbeza, kutoijua nafsi yako, kutenda bila kufikiri, kujidhuru, kugeukageuka kwa hali ya moyo, kuhisi utupu, hasira kali, na kuwashuku watu au kujihisi umejitenga na mwili wako wakati wa dhiki. Mgonjwa hana budi kuwa na dalili 5 kwa uchache, nazo ziwe zimedumu na kuonekana katika mambo mengi ya maisha yake. Kwa kawaida uamuzi huo hufanywa juu ya watu wazima na vijana wakubwa, tena na mtaalamu aliyekaa nao na kuwasikiliza. Hakuna picha ya ubongo itumiwayo kuuthibitisha.

Picha hizo basi zinaonyesha nini? Ndani ya ubongo, kwa upande wa kila sikio, mna kijisehemu chenye umbo la lozi, nacho huitwa amigdala kwa neno la Kigiriki lenye maana hiyo hiyo. Kazi yake mojawapo ni kunusa hatari. Mtu akikanyaga kamba gizani akaruka kabla hajajua kuwa ni kamba, amigdala imekwisha kufanya kazi yake: moyo unakwenda mbio na viganja vinatoka jasho. Nyuma yake imejikunja hipokampasi, iliyopewa jina hilo kwa kufanana na farasi wa baharini, yule samaki mdogo mwenye mkia uliopinda. Hiyo husaidia kuweka kumbukumbu za matukio na mahali yalipotokea, na kwa hiyo humwezesha mtu kutambua kwamba mahali hapa si pale alipoumizwa. Mwisho kuna sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, ipimayo mambo na kuzuia pupa. Hii hukomaa baada ya nyingine zote, hata miaka 20 ya umri hupita kabla haijatimia.

Mwaka 2000 watafiti wa Ujerumani walitoa matokeo ya vipimo vya wanawake 21 wenye maradhi haya na wanawake wengine 21 wenye afya. Walitumia mashine yenye sumaku yenye nguvu, ambayo huonyesha tishu za ndani ya mwili bila kuupasua. Kwa wastani, hipokampasi za wagonjwa zilikuwa ndogo kwa karibu asilimia 16, na amigdala kwa asilimia 8. Utafiti wa namna hii ulirudiwa mahali pengi, na mwaka 2012 matokeo ya tafiti kadhaa yalipojumlishwa, wastani wa upungufu ulikuwa asilimia 11 kwa hipokampasi na 13 kwa amigdala. Tofauti ipo, basi, wala hatuna sababu ya kuikana.

Lakini neno lililobeba uzito wote hapo ni "wastani". Mwanachuo apime urefu wa watoto wa mikondo miwili ya darasa moja, akute wastani wa mkondo wa kwanza ni sentimita 140 na wa pili ni 135. Tofauti hiyo ni ya kweli. Sasa aingie mtoto mwenye sentimita 137. Je, atamjua ni wa mkondo gani? Hatamjua, kwani katika kila mkondo wamo warefu na wafupi, na mafungu hayo yameingiliana sehemu kubwa. Ndivyo ilivyo kwa bongo hizo. Wapo wagonjwa wenye hipokampasi kubwa na wapo wenye afya wenye ndogo. Tena upungufu wa hipokampasi umeonekana pia kwa watu wenye huzuni ya muda mrefu na kwa waliopatwa na misiba ya kutisha, kama vile askari waliotoka vitani. Kwa hiyo hauwezi kuwa muhuri wa maradhi haya peke yake.

Swali la chanzo ni gumu zaidi. Wengi katika wagonjwa hawa husimulia kwamba walidhulumiwa au kutelekezwa utotoni, lakini si wote. Urithi nao una sehemu yake: hesabu iliyofanywa Sweden na kutolewa mwaka 2021 ilikadiria kwamba karibu asilimia 46 ya tofauti baina ya watu katika kupatwa na maradhi haya yaelezeka kwa urithi. Je, ubongo ulipungua kwa mateso, ama mtu alizaliwa na ubongo wa namna hiyo, akawa mwepesi wa kuumizwa na mateso ambayo mwingine angeyastahimili? Picha moja iliyopigwa ukubwani haiwezi kulijibu swali hilo.

Hapa yatupasa kujipima sisi wenyewe kwa kipimo kile kile. Mwaka 2009 ulitolewa utafiti wa Marekani uliolinganisha vijana 23 waliochapwa vikali na mara nyingi utotoni, kwa miaka isiyopungua 3, na wenzao 22 wasiochapwa hivyo. Katika eneo moja la ubongo, nyuma ya paji la uso, waliochapwa walikuwa na upungufu wa karibu asilimia 19. Sisi tusiopenda fimbo tungetamani sana kuutangaza utafiti huo kuwa umekata shauri. Hatuwezi. Nao unazungumzia wastani, watu wachache, na picha iliyopigwa baada ya mambo kutokea. Sababu za kuiweka fimbo chini ni nyingi na zinatosha bila kuutwisha utafiti huu mzigo usiouweza.

Jambo ambalo twaona lina faida kubwa zaidi kwa mwalimu halihusu ukubwa wa amigdala, bali mwenendo wake. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani waliwaonyesha wagonjwa na watu wenye afya picha za nyuso: zenye furaha, zenye huzuni, zenye hofu, na nyingine zisizo na hisia yoyote. Amigdala za wagonjwa ziliamka zaidi kuliko za wenzao. La kushangaza ni kwamba baadhi yao waliiona hata sura tulivu, isiyosema lolote, kuwa ni sura ya vitisho. Tulipokuwa wanachuo tulifundishwa kuingia darasani na uso mkavu, ati ndio uso wa haki. Hatudai kwamba msichana wa Darasa la Tano ana maradhi ya wanawake wale. Lakini mtoto yeyote aliyezoea kwamba ukimya wa mkubwa hufuatwa na kipigo anaweza kuusoma uso mkavu kwa namna yake, na mwalimu asiyelijua hilo ataona utovu wa adabu mahali palipo na woga.

Neno "kasoro" nalo lina ubaya wake, maana ladokeza kitu kisichotengenezeka. Ubongo hubadilika kwa kazi. Huko London, dereva wa teksi hapewi leseni mpaka akariri maelfu ya mitaa. Watafiti walipima bongo za watu 79 walioanza mafunzo hayo, na matokeo yalitolewa mwaka 2011: kwa wale 39 waliofaulu, sehemu ya nyuma ya hipokampasi ilikuwa imeongezeka, na kwa walioshindwa haikuongezeka. Hao walikuwa watu wazima. Ama wagonjwa wenyewe wa hulka ya mpakani, hali yao si ya kukatisha tamaa kama ilivyodhaniwa zamani. Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani, alibuni tiba ya kuwafundisha stadi za kustahimili dhiki na kuongoza hisia, na matokeo yake ya mwanzo yalitolewa mwaka 1991. Utafiti mwingine wa huko, uliowafuata wagonjwa 290 kwa miaka 10 na kutolewa mwaka 2010, ulionyesha kwamba asilimia 93 walipata nafuu ya dalili iliyodumu miaka 2 au zaidi, ingawa waliopona kiasi cha kurudia kazi na maisha ya kawaida walikuwa nusu tu.

Tulimtaka mwanachuo wetu aifute ile sentensi, na aandike yale tu ambayo macho yake yameyaona na masikio yake yameyasikia, pamoja na saa. Tulimwambia pia kwamba akiona alama za kujikata mwilini, au akisikia mtoto akitaja kufa, asingoje kujaza kitabu: amwone mwalimu mkuu siku hiyo hiyo, mtoto apelekwe kituo cha afya, na kama nyumbani si salama aarifiwe ofisa wa ustawi wa jamii.

Wiki mbili baadaye kitabu kilirudi kwetu. Ukurasa wa Jumanne ulisomeka hivi: "Saa nne na robo. Nilipita karibu na dawati lake bila kusema neno. Akasimamisha kalamu, akauliza kama nimemkasirikia. Nikamjibu kuwa nilikuwa nahesabu vitabu, navyo vimepungua viwili. Akaniambia kimoja kipo chini ya dawati la nyuma. Akaendelea kuandika hadi kengele."