Safari ya Ziwa Michaelson na Hewa ya Mlimani

Katika Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1949, limo ziwa dogo liitwalo Michaelson. Bonde lake lilichongwa na barafu. Katika zama za kale barafu nene iliteremka kutoka vileleni, ikauchimbua mwamba na kuacha kuta ndefu za mawe. Palipochimbika pakajaa maji. Ziwa hilo liko karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, na wasafiri hulifikia kwa miguu kwa njia ya Chogoria, upande wa mashariki.

Njia hupita katika msitu na mianzi, kisha hutokea kwenye nyanda za majani zenye mimea mikubwa ya lobelia. Usiku mmea huu hufunga majani yake ili kichipukizi kisigande. Umezoea baridi hiyo kwa vizazi vingi; lakini binadamu atokaye Mombasa ana siku chache tu za kujizoeza.

Wengi hudhani kwamba hewa ya mlimani ina mchanganyiko tofauti na ule wa pwani. Sivyo. Kote, oksijeni ni asilimia 21 ya hewa kavu. Kipunguacho ni kanieneo ya hewa: katika mita 4,000 hubakia takriban asilimia 60 ya ile ya pwani. Ndiyo maana huko maji huchemka yafikapo nyuzi 87 hivi za Selsiasi, na maharagwe hukawia kuiva. Vivyo hivyo, kila pumzi huyapa mapafu oksijeni pungufu.

Mwili hujirekebisha kwa kupumua upesi na, baadaye, kwa kuongeza chembe nyekundu za damu. Kazi hiyo huhitaji siku kadhaa. Apandaye kwa pupa huumwa kichwa, huona kichefuchefu na kukosa usingizi. Akipuuza dalili hizo, maji yaweza kujaa mapafuni au ubongo ukavimba, akafa. Nguvu za ujana si kinga.

Basi, apitapo mita 3,000, msafiri asilale zaidi ya mita 500 juu ya alipolala jana yake, na apumzike siku nzima kila baada ya siku 3 au 4. Akiumwa kichwa na kuona kichefuchefu, asipande zaidi. Akianza kupepesuka, au kutweta hali ameketi, ateremshwe mara moja bila kungoja kukuche, wala asiachwe peke yake. Ziwa halihami, aliyerudi salama aweza kulijia tena.